Komini ya Ufaransa ni kitu gani, na kwa nini kijiji cha watu mia saba kina meya?

Kila Ufaransa inapoingia kwenye uchaguzi wa serikali za mitaa, kama ule wa Machi 2026, swali moja hurudi kwenye makundi ya WhatsApp: inakuwaje kijiji chenye kanisa moja, shule ndogo na mashamba pande zote kiwe na meya? Mtanzania amezoea meya wa jiji au manispaa, mtu wa mkufu shingoni na gari la ofisi. Kijijini yuko mwenyekiti. Mkenya anashangaa zaidi, maana kwake mameya waliondoka 2013 magavana walipoingia. Basi mmoja atasema mfasiri kakosea, mwingine atasema Wazungu wana pesa za kuchezea. Wote wamepotea njia, na aliyewapoteza ni neno moja: komini.

Neno hili lina maana tatu kwa wasomaji wa Kiswahili peke yao. Mrundi akisikia komini anafikiria eneo kubwa. Nchi yake ilizipunguza kutoka 119 hadi 42 mwaka 2025, na kila moja sasa ina wastani wa watu zaidi ya laki mbili. Mkongomani wa Kinshasa anafikiria kipande cha jiji, kama Gombe au Limete. Ufaransa kwenyewe, neno lilikotoka, komini ni ngazi ya chini kabisa ya serikali, na ukubwa wake hauhusiki. Paris yenye watu zaidi ya milioni mbili ni komini. Rochefourchat, huko milimani mkoani Drôme, sensa huihesabia mkazi mmoja, na ni komini pia. Kwa hiyo ukisoma habari za Ufaransa, usitafsiri komini kuwa “wilaya” wala “kijiji”. Iache ilivyo, kisha uliza ina watu wangapi.

Jumla yake ni karibu 35,000. Tanzania, ambayo kwa eneo inaizidi Ufaransa ya Ulaya kwa mbali, ina vijiji zaidi ya 12,000 vilivyosajiliwa. Na zaidi ya nusu ya komini za Ufaransa zina watu chini ya 500. Kijiji chenye meya, basi, si kioja. Kule ndiyo hali ya kawaida. Paris na Marseille ndizo za pekee.

Tuchukue kimoja tukitazame kwa karibu. Bréhémont kipo ukingoni mwa mto Loire, upande wa magharibi wa jiji la Tours, na wakazi wake ni kama mia saba na kitu. Loire ndio mto mrefu kuliko yote Ufaransa, zaidi ya kilomita 1,000. Nyumba za mawe meupe zimejipanga juu ya tuta linalofuata mto, mbele yake gati la mawe lililojengwa enzi za majahazi, nyuma yake bonde la mashamba lililo chini kuliko tuta lenyewe. Shika hilo neno “chini”, tutalirudia.

Hiki kijiji kimepataje kuwa serikali? Kabla ya Mapinduzi ya 1789, Ufaransa vijijini ilihesabiwa kwa parokia. Padri ndiye aliyeandika nani kazaliwa, nani kaoa, nani kafa, na kengele yake ndiyo iliyoita watu mkutanoni. Mapinduzi yalipokuja, sheria ya Desemba 1789 iliigeuza takribani kila parokia kuwa komini, yenye baraza na meya. Hawakuchora mipaka mipya wala kuhesabu watu. Walichukua ramani ya kanisa wakaibandika bendera. Ndiyo maana idadi ni kubwa hivyo. Unachokiona leo ni alama ya umbali ambao mkulima wa karne ya 18 aliweza kutembea kwenda misa na kurudi kabla ya kukamua ng'ombe jioni. Sheria nyingine, ya 5 Aprili 1884, ikakamilisha kazi: kila komini iwe na nyumba ya meya, na meya achaguliwe na baraza lake.

Hapo pana jambo ambalo hata Wafaransa wengine hulichanganya. Wanakijiji hawamchagui meya. Wanachagua madiwani, halafu madiwani ndio wanaomchagua meya miongoni mwao, kwa kura ya siri, kwa kipindi cha miaka 6. Komini yenye watu kati ya 500 na 1,499 huwa na madiwani 15. Yenye watu chini ya 100 ina 7. Linganisha na halmashauri ya kijiji Tanzania, wajumbe 15 hadi 25: si mbali sana. Tofauti ni kwamba mwenyekiti wetu anatokana na kura za wananchi moja kwa moja, na juu yake upo mkutano mkuu wa kijiji ambao kila mtu mzima ni mjumbe. Mfaransa hana mkutano mkuu wa namna hiyo. Akishapiga kura, kikao cha baraza anaruhusiwa kukihudhuria, ila anakaa nyuma na kusikiliza.

Uchaguzi wa 2026 ulizua mkanganyiko wake wa ziada. Awali, katika komini zenye watu chini ya 1,000, mpiga kura aliingia na karatasi ya majina kwenye kile kibanda cha pazia, akatoa kalamu na kumkata asiyemtaka: jirani aliyehamisha jiwe la mpaka, binamu asiyelipa deni. Akitaka, aliongeza jina la mtu mwingine. Sheria ya Mei 2025 imelimaliza hilo. Sasa hata kijiji kidogo kinapiga kura kwa orodha nzima, mwanamume na mwanamke wakipishana, na ukikata jina kura yako imeharibika. Wapo walioisifu kwa sababu ya wanawake, na wapo walioona wamenyang'anywa kalamu. Mimi naelewa pande zote mbili, ila nakiri ile kalamu ilikuwa na utamu wake.

Na Mswahili anayeishi kule anapiga kura? Akiwa na uraia wa Ufaransa, ndiyo. Raia wa nchi nyingine za Umoja wa Ulaya nao wanaruhusiwa katika uchaguzi huu, ingawa hawawezi kuwa meya. Mwenye pasipoti ya Kenya, Tanzania au Kongo peke yake hapigi, hata akiwa amelipa kodi kijijini hapo miaka thelathini. Kwa upande mwingine, sheria hii ya komini imefika karibu na pwani yetu kuliko wengi wanavyodhani: Mayotte, kisiwa kilicho chini ya Ufaransa katika funguvisiwa la Komoro, ina komini 17, na mameya wake huvaa mshipi ule ule wa mameya wa Ufaransa, wa buluu, nyeupe na nyekundu.

Sasa, meya wa kijiji anafanya nini? Anafungisha ndoa za kiserikali, na Ufaransa hakuna ndoa halali bila kupita kwake. Ya kanisani au msikitini inakuja baadaye. Anaandikisha vizazi na vifo. Anatoa vibali vya ujenzi. Anashughulikia jengo la shule ya msingi, barabara za ndani, makaburi, mbwa wanaozurura, jogoo anayewika saa kumi alfajiri na kumkera mgeni aliyenunua nyumba ya mapumziko. Ofisini yupo katibu anayejua kila karatasi ilipo, mtu wa kumfananisha na mtendaji wetu wa kijiji, na mara nyingi katibu mmoja anahudumia vijiji viwili au vitatu, Jumatatu hapa, Jumatano kule. Mlango wa ofisi hufunguliwa saa chache tu kwa wiki.

Mshahara? Ni posho. Kwa komini yenye watu chini ya 500 ni zaidi kidogo ya euro elfu moja kwa mwezi kabla ya makato, kwa hiyo wengi ni wastaafu au watu wenye kazi nyingine. Anayedhani umeya wa kijiji ni ulaji ajue kwamba mwaka 2020 komini zaidi ya mia moja zilifika siku ya kura bila mgombea hata mmoja.

Pesa za komini zenyewe zinatoka kwenye kodi ya majengo na ardhi, pamoja na ruzuku ya serikali kuu. Hapa ndipo bahati inapotofautiana. Ukiteremka na Loire kutoka Bréhémont, si mbali, unafika Avoine, komini nyingine ya watu wasiofika elfu mbili. Avoine ina kinu cha nyuklia cha Chinon, na miaka nenda rudi kodi ya kinu imeijengea vitu ambavyo jirani zake wanavitazama kwa macho tu. Mto ni ule ule na sheria ni ile ile. Mifuko ndiyo haifanani.

Turudi kwenye tuta, maana hapo ndipo kijiji cha mtoni kinapoelewekea. Picha za Loire zinaonyesha maji mapana yanayotambaa kati ya visiwa vya mchanga, na wakati wa kiangazi unaweza kudhani ni mto wa kuvuka kwa miguu. Ndiyo hila yake. Maji yake yanapanda na kushuka vibaya sana, na tangu karne ya 12 watu wamekuwa wakijenga matuta ya udongo na mawe kuyazuia yasiingie bondeni. Mtu wa Rufiji anayelima mlau atauliza: kwa nini wasiuache mto upande, uache rutuba, kisha walime maji yakishuka? Swali zuri. Matuta yalijengwa ili bonde lilimwe mwaka mzima na watu waishi humo, na majahazi yapate mkondo wenye kina.

Lakini mto ukiubana hauna pa kutanuka, kwa hiyo unapanda juu zaidi. Watu wakaongeza tuta. Mto ukapanda tena. Miaka mia kadhaa ya mashindano hayo ilizaa bonde lenye nyumba nyingi, lililo chini ya usawa wa mafuriko, likilindwa na ukuta wa udongo ambao siku ukikatika maji hayaingii polepole kama ya mlau. Yanaingia kwa kishindo. Mafuriko makubwa yalikuja 1846, 1856 na 1866, matatu ndani ya miaka ishirini. Mwaka 1856 matuta ya Loire yalikatika mahali kama 160, na Mfalme Napoleon III alikwenda mwenyewe kuyaona maeneo yaliyozama. Kwenye kuta za kanisa na nyumba za zamani kandokando ya mto utakuta mstari uliochongwa kwenye jiwe na tarakimu nne pembeni: 1856. Wakati mwingine mstari uko juu ya kichwa chako. Nyumba ya jirani iliyojengwa juzi haina mstari, na asiyejua atadhani iko salama zaidi.

Dhana kwamba tuta huondoa hatari ndiyo ya kwanza kuifuta. Tuta linaahirisha hatari, halafu linaikusanya. Ndiyo maana leo serikali kuu inachora ramani ya maeneo ya mafuriko, na sehemu kubwa ya bonde hairuhusiwi kujengwa nyumba mpya. Mkulima mwenye kiwanja karibu na barabara anaweza kukilima lakini asiweze kumjengea mwanawe. Meya ndiye anayesaini barua ya kukataa, na kesho yake anakutana na mtu yule yule kwenye foleni ya mkate. Maji yakija, ni meya anayegonga milango usiku, na ni meya anayeiomba serikali kuu itangaze janga rasmi. Bila tangazo hilo bima hailipi. Mfuko wa majanga unachangiwa na kila mwenye bima ya nyumba nchini: nyongeza ilikuwa asilimia 12 ya bei ya bima, na tangu Januari 2025 ni asilimia 20. Kwa hiyo bibi wa ghorofani Paris, asiyewahi kuuona mto Loire, anamchangia mwanakijiji wa bondeni.

Na tuta ni la nani? Kwa karne nyingi jibu lilikuwa mfalme, baadaye dola. Tangu 28 Januari 2024, matuta ya dola yamekuwa jukumu la jumuiya za komini, yaani vyama ambavyo komini jirani zote sasa zinalazimika kujiunga navyo ili kushirikiana takataka, maji na mipango. Jumuiya zinaruhusiwa kutoza kodi ya mito isiyozidi euro 40 kwa mkazi kwa mwaka. Fanya hesabu ya kijiji cha watu mia saba ulinganishe na kilomita za tuta, utaona kwa nini mameya wa mtoni walilalamika.

Tukija kwenye mashamba, Bréhémont ilijulikana kwa katani. Si mkonge wa Tanga. Ni mmea wa ukoo mmoja na bangi, aina isiyolevya, wenye nyuzi ndefu shinani. Udongo laini ulioachwa na mto uliufaa sana. Ulipandwa majira ya kuchipua, ukavunwa mwishoni mwa kiangazi, ukafungwa mafungu na kuzamishwa majini kwa mawe hadi ganda lioze, na harufu yake haikumpendeza mtu. Kisha mafungu yalikaushwa kwenye matanuri ya mawe, mapana chini na membamba juu, na wakati wa baridi familia ilikaa kuvunja mashina kwa mbao ili nyuzi zibaki. Kutoka hapo zilisukwa kamba na matanga ya meli, zikateremka na majahazi kuelekea Nantes. Reli ya kutoka Tours kwenda Nantes ilipokamilika katikati ya karne ya 19, majahazi yalikosa mizigo. Meli za matanga zilipokwisha, kamba nazo zikakosa mnunuzi. Matanuri machache bado yamesimama kijijini. Watalii wa baiskeli wanaofuata njia ya Loire huyapiga picha wakidhani ni ya mikate.

Historia hiyo inagusa dhana ya pili, kwamba kijiji cha Ufaransa ni kijiji cha wakulima. Kilikuwa. Mwaka 1955 nchi ilikuwa na mashamba milioni 2.3 yanayojitegemea, sensa ya kilimo ya 2020 ilikuta takriban 390,000. Ardhi haikupungua kwa kiasi hicho, imekusanyika tu: wastani wa shamba sasa ni hekta 69. Kwa hiyo katika komini ya watu mia saba unaweza kukuta familia chache tu zinazolima, na wengine ni wauguzi, mafundi, walimu, wafanyakazi wa kiwandani wanaoendesha gari kila asubuhi kwenda mjini, pamoja na wastaafu. Mashamba yanakizunguka kijiji, lakini kijiji hakiyategemei tena kwa chakula wala ajira.

Ardhi yenyewe si ya komini. Kwetu Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inaipa halmashauri ya kijiji usimamizi wa ardhi. Ufaransa shamba ni mali ya mtu, na tangu sheria za Napoleon wa Kwanza za 1804 watoto wote wanarithi. Baba wa watoto wanne akifa, mmoja anayelima lazima awafidie wenzake au awakodie sehemu zao. Ndiyo maana wakulima wengi wanalima ardhi ya kukodi, mara nyingi ya dada au mjomba aliyehamia Lyon. Mkataba si chini ya miaka 9, mwenye ardhi hawezi kumtoa mkulima kwa matakwa yake, na malipo ya kukodi shamba hupangiwa kiwango na serikali.

Hapo ndipo unaweza kuelewa zile video za wakulima wa Ufaransa wakiandamana na matrekta barabarani. Maoni chini yake huwa yale yale: “Hawa matajiri wanaandamana nini?” Trekta jipya linazidi euro 100,000, kweli, lakini kwa kawaida ni la benki, na wengine humiliki mitambo kwa ushirika ili wasizame kwenye deni. Ufaransa inapokea kama euro bilioni 9 kwa mwaka za ruzuku ya kilimo kutoka Umoja wa Ulaya, na sehemu kubwa hugawanywa kwa hekta: mwenye hekta nyingi anapata nyingi. Kwa hiyo ndani ya komini moja, mwenye nafaka na mfugaji mdogo wanaweza kuandamana bega kwa bega huku hali zao zikiwa mbingu na ardhi. Takriban mtu mmoja kati ya sita wanaoishi kwenye kaya za wakulima yuko chini ya mstari wa umaskini wa nchi hiyo. Mwishoni mwa 2023, wakulima vijana wa mkoa wa Tarn walianza kupindua vibao vya majina ya vijiji, jina likawa kichwa chini, kulalamikia kanuni zinazopingana. Mtindo ukaenea nchi nzima. Kibao kile ni mali ya umma, kwa hiyo aliyepaswa kukirudisha ni yule yule meya, na wako waliokiacha makusudi.

Kwa nini basi wasiziunganishe hizi komini? Wamejaribu. Sheria ya 1971 iliambulia kidogo, na ya 2010 imepunguza elfu moja na ushei tu. Kuna upendo wa jina, ndiyo, lakini kuna hesabu ya siasa pia. Mgombea urais wa Ufaransa anahitaji saini 500 za viongozi wa kuchaguliwa, na saini ya meya wa watu sitini ina uzito sawa na ya meya wa Paris. Wajumbe wa Seneti nao huchaguliwa karibu wote na madiwani. Seneta anayeunga mkono kuvifuta vijiji anawafuta wapiga kura wake.

Jina likishaandikwa halifutiki kirahisi. Karibu na Verdun, ukingoni mwa mto Meuse, palikuwa na kijiji cha wakulima kinachoitwa Cumières. Mwaka 1916, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, mizinga ilikisaga kikaisha, udongo ukajaa vyuma na mabomu, na baada ya vita serikali ikaona hapalimiki wala hapakaliki. Vijiji sita vya eneo hilo, Cumières kikiwamo, havijapata mkazi tena. Havikufutwa. Kila kimoja bado ni komini, na kwa kuwa hakuna wa kupiga kura, mwakilishi wa serikali kuu mkoani huteua baraza la watu watatu. Mmoja wao anakuwa meya. Kazi yake ni kutunza mnara, kanisa dogo na mashimo ya mizinga yaliyoota msitu, na kila mwaka anavaa mshipi wake akasimama mahali pale kuupokea umati unaokuja kuwakumbuka waliokuwa wakiishi hapo.